Kutumia laptopu kama skrini ya Raspberry Pi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoanza na kompyuta za bodi moja hapa Dar es Salaam: wanafunzi wa vyuo, mafundi wa redio na simu, walimu wenye klabu za kompyuta, na vijana waliojinunulia bodi kwa akiba yao wakakuta hela ya skrini haikubaki. Karibu wote tayari wana laptopu. Majibu yameandikwa kwa kuifikiria Raspberry Pi, ambayo hapa naiita Pi tu. Mwenye bodi ya aina nyingine asome kwanza swali lake lililo karibu na mwisho.

## Kabla ya kununua chochote

Pi ni nini hasa, na kwa nini inauzwa bila skrini?

Ni kompyuta kamili iliyojengwa juu ya bodi moja, ukubwa wake kama kadi ya benki. Ya kwanza ilitoka Uingereza Februari 2012. Walioibuni walitaka mtoto wa shule awe na kompyuta ya bei ndogo ambayo anaweza kuichokonoa bila woga wa kuharibu ile ya familia. Bei ilishuka kwa sababu waliacha nje kila kitu walichodhani nyumba tayari inacho: televisheni ya kutumia kama skrini, kibodi, mausi, chaja ya simu.

Huku kwetu hesabu ni nyingine. Televisheni iko sebuleni, ni ya watu wote, na siku ya Simba na Yanga hakuna atakayekupisha uchomeke bodi yako. Kitu ambacho mwanafunzi anacho peke yake, chumbani kwake, ni laptopu. Ndiyo maana swali hili linarudi kila wiki.

Nina waya wa HDMI. Nikichomeka upande mmoja kwenye Pi na mwingine kwenye laptopu, laptopu itakuwa skrini?

Hapana. Tundu la HDMI la laptopu ni la kutoa picha kwenda kwenye televisheni au projekta, halipokei. La Pi nalo linatoa. Ni kama kuunganisha bomba mbili zote zinazomwaga maji: hakuna ndoo hapo katikati. Hakuna kitakachoungua, lakini hakuna kitakachoonekana pia. Mimi nilipoteza jioni nzima nikibadilisha waya mmoja baada ya mwingine kwa kuamini kwamba ule wa kwanza ulikuwa mbovu. Waya wote walikuwa wazima.

Hakuna mpangilio wowote ndani ya Windows unaoweza kugeuza tundu hilo, na vile vichwa vidogo vya kuunganishia vinavyouzwa Kariakoo hubadilisha umbo la tundu tu, si mwelekeo wa picha. Tundu la VGA, lile la zamani la skrini, lina tabia hiyohiyo. Laptopu chache sana za michezo ziliwahi kutengenezwa zikiwa na tundu la kupokea. Kama yako ni mojawapo, maandishi ya pembeni ya tundu yatakuambia.

Sasa nitaionaje Pi kwenye laptopu?

Kwa mtandao. Laptopu na Pi zikiwa kwenye mtandao mmoja, hata ule wa hotspoti ya simu, Pi inaweza kukutumia maandishi kwa SSH (njia ya kuiendesha kwa kuandika amri) au desktopu yake nzima kwa VNC (njia ya kuonyesha skrini yake kwenye dirisha). Kibodi na mausi unatumia vya laptopu, kwa hiyo hununui kitu. Hii ndiyo njia ninayomshauri kila anayeanza, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inaihusu.

Njia ya pili ni kifaa kidogo cha kunasa picha ya HDMI na kuiingiza kwenye laptopu kwa USB. Kina sehemu yake huko chini. Ipo pia njia ya waya za serio, zinazopitisha maandishi tu, kwa siku ambayo kila kitu kimekataa.

Si bora ninunue monita ya mtumba nimalize?

Ukiwa na nafasi na hela, sawa, monita haina shida. Lakini angalia matundu yake kwanza. Monita nyingi za zamani zina VGA peke yake, na Pi haina VGA, kwa hiyo utaongeza kigeuzi. Pi 4 na Pi 5 zina HDMI ndogo kabisa, ile ya maikro. Pi Zero ina ya mini. Pi 3 ndiyo yenye HDMI ya kawaida. Ongeza waya sahihi, kibodi na mausi. Anayepanga chumba Mabibo au Sinza na kuhama kila mara, laptopu inamtosha.

## Kuandaa memori kadi

Sina skrini hata ya kuwashia mara ya kwanza. Nitaanzaje?

Kazi yote inafanyika kwenye laptopu kabla kadi haijaingia kwenye Pi. Pakua Raspberry Pi Imager, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Chomeka memori kadi, chagua aina ya Pi yako, chagua mfumo, kisha usikimbilie kubonyeza kitufe cha kuandika. Programu itakuuliza kama unataka kuweka mipangilio yako. Kubali. Watu wengi wanaokwama wamekwama kwa sababu waliruka ukurasa huu.

Humo ndani jaza jina la kompyuta (mfano `darpi`), jina lako la mtumiaji na nywila, jina na nywila ya waifai, nchi ya waifai iwe TZ, saa iwe Africa/Dar_es_Salaam, na uwashe SSH. Jina la kompyuta na la mtumiaji yaandike kwa herufi ndogo bila nafasi. Jina na nywila ya waifai viandike herufi kwa herufi kama vilivyo, kwa sababu ukikosea Pi haina pa kukuonyesha kosa lako. Itakaa kimya.

Kama bando ni dogo, chagua toleo la Lite, ambalo halina desktopu. Lile lenye desktopu linazidi GB 1 kulipakua. Ukishalipakua lihifadhi, maana Imager inaweza kuandika kadi nyingine kutoka kwenye faili lililopo, na wenzako darasani wakalitumia hilohilo.

Nimeona mafunzo yanasema jina ni `pi` na nywila ni `raspberry`. Mbona inakataa?

Mafunzo hayo ni ya zamani. Tangu Aprili 2022 mfumo wa Pi hauji tena na mtumiaji huyo. Unamtengeneza mwenyewe kwenye Imager kama nilivyoeleza hapo juu. SSH nayo huwa imezimwa tangu mwishoni mwa 2016 mpaka uiwashe. Ushauri mwingine uliopitwa na wakati ni wa kuweka faili la `wpa_supplicant.conf` kwenye kadi ili waifai ishike. Kwenye mfumo ulioanza 2023 hilo halifanyi kazi. Ukisoma maelekezo yoyote, tazama mwaka kwanza.

Nitumie mtandao gani kama nyumbani hakuna ruta?

Hotspoti ya simu inatosha. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uchague mawimbi ya GHz 2.4, kwa sababu Pi 3B, Zero W na Zero 2 W hazioni kabisa ya GHz 5. Jina la hotspoti liwe fupi, bila nafasi wala vikorombwezo. Kisha unganisha laptopu kwenye hotspoti hiyohiyo. Washa hotspoti kabla ya kuwasha Pi.

Windows 10 na 11 zinaweza pia kurusha hotspoti zenyewe. Ukifanya hivyo, laptopu inakuonyesha anwani ya kila kifaa kilichojiunga, na Pi itapata inayoanza na 192.168.137. Mimi naipenda njia hii kwa sababu huhitaji kuitafuta anwani. Ipo pale kwenye ukurasa wa hotspoti.

## Kuingia ndani ya Pi

Nimewasha Pi. Nifanye nini kwenye laptopu?

Mara ya kwanza subiri dakika kadhaa, kwa sababu Pi inapanua nafasi ya kadi na kujiwasha upya. Taa ya kijani ikicheza ujue kadi inasomwa. Kisha fungua dirisha la amri la Windows uandike:

`ssh neema@darpi.local`

Badala ya `neema` weka jina ulilolitengeneza, na badala ya `darpi` jina la kompyuta. Itakuuliza kama unaiamini mashine hii, andika `yes`. Windows 10 ya tangu 2018 ina SSH ndani yake. Kama yako ni ya zamani zaidi, tumia PuTTY, programu ya bure ya SSH.

Naandika nywila lakini hakuna herufi inayotokea. Kibodi imekufa?

Kibodi ni nzima. SSH haionyeshi chochote unapoandika nywila, hata nyota. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter.

Nataka kuona desktopu, si maandishi tu.

Hapa unahitaji toleo lenye desktopu, si Lite. Ukishaingia kwa SSH andika `sudo raspi-config`, nenda Interface Options, washa VNC. Kwenye laptopu sakinisha TigerVNC au RealVNC Viewer, weka anwani ya Pi, jina na nywila. Desktopu ya Pi itafunguka kwenye dirisha, na ukilipanua likajaa kioo, laptopu yako imekuwa skrini ya Pi.

Wakati mwingine dirisha linafunguka likiwa jeusi au picha inakuwa ndogo mno, kwa kuwa Pi haioni skrini ya kweli na haijui itumie ukubwa gani. Rudi `raspi-config`, tafuta sehemu ya ukubwa wa skrini ya VNC, chagua 1280 kwa 720 au unaolingana na kioo chako, uwashe Pi upya.

VNC haileti sauti, na video inakwamakwama. Kwa kuandika programu, kusoma vihisi, kujifunza Python, inatosha kabisa. Kwa michezo na filamu nenda kwenye kinasa picha.

Hii inakula bando?

Haili. Picha ya VNC inatoka kwenye Pi, inapita kwenye simu au ruta, inaingia kwenye laptopu. Haitoki nje kwenda intaneti. Hata simu isiyo na MB moja inaweza kuwa hotspoti ya kuunganisha vifaa viwili, ingawa simu nyingine hukataa kuwasha hotspoti data ikiwa imezimwa. Bando linaliwa pale Pi inapopakua programu au kujisasisha, kwa hiyo `sudo apt upgrade` iache mpaka uwe na mtandao wa bure au bando la usiku.

Tofauti ni huduma ya Raspberry Pi Connect, iliyotoka 2024, inayokuwezesha kuifungua Pi kwenye kivinjari ukiwa mbali. Wewe uko Posta, Pi iko Mbagala: hapo data inatumika pande zote mbili.

`darpi.local` haipatikani. Nitaijuaje anwani ya Pi?

Angalia kwanza orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye hotspoti ya simu au kwenye ukurasa wa ruta. Kama Pi haimo, tatizo si anwani. Haijajiunga: nywila ya waifai imekosewa, mawimbi ni ya GHz 5, au umeme hautoshi. Andika kadi upya kwa uangalifu, ni haraka kuliko kukisia.

Ikiwemo kwenye orodha, chukua anwani yake uiweke badala ya jina: `ssh neema@192.168.43.57`, kwa mfano. Simu isipoonyesha anwani, andika `arp -a` kwenye laptopu ujaribu zile zinazofanana na ya laptopu kwa mafungu matatu ya mwanzo, yaani namba zilizotenganishwa na nukta.

Nimeiunganisha kwenye waifai ya hosteli. Ipo mtandaoni lakini laptopu haiioni.

Mitandao ya vyuo, hoteli na migahawa mara nyingi huzuia kifaa kimoja kisizungumze na kingine, kwa usalama wa watumiaji. Tena mingine inakutaka ufungue ukurasa ujaze namba kabla hujaruhusiwa, na Pi isiyo na skrini haiwezi kuufungua. Usipigane nao. Tumia hotspoti yako, au waya wa mtandao kama swali linalofuata.

Naweza kuunganisha Pi na laptopu kwa waya wa mtandao moja kwa moja?

Ndiyo, na ni njia imara kuliko zote. Waya wowote wa kawaida unafaa. Zamani ulihitajika wa kuvuka, lakini vifaa vya sasa vinajirekebisha vyenyewe. Laptopu nyembamba isiyo na tundu hilo itahitaji kigeuzi cha USB.

Jambo la lazima ni laptopu kuipa Pi anwani. Kwenye Windows fungua orodha ya miunganisho ya mtandao, bonyeza kitufe cha kulia juu ya waifai, Properties, kichupo cha Sharing, ruhusu kushiriki intaneti kupitia tundu la waya. Pi itapata anwani ya 192.168.137 na intaneti ya laptopu kwa pamoja. Kwenye Linux chagua "Shared to other computers" na anwani itaanza na 10.42.0. Mwanafunzi akiwa na waya wa mita moja kwenye begi, anafanya kazi popote, hata kibarazani ambako hakuna mtandao wowote.

Inaniandikia maneno marefu ya onyo kwamba utambulisho wa mashine umebadilika.

Umeandika kadi upya, na laptopu inakumbuka Pi ya zamani. Andika `ssh-keygen -R darpi.local` kisha ingia tena. Kama hukugusa kadi na onyo limetokea lenyewe kwenye mtandao wa watu wengi, usiandike nywila mpaka ujue kwa nini.

## Kinasa picha cha HDMI

Ni kifaa gani hicho, na nitakitambuaje dukani?

Ni kifaa mfano wa flashi nene: upande mmoja tundu la HDMI, upande mwingine USB. Kinapokea picha ya Pi na kujitambulisha kwa laptopu kama kamera. Ukifungua programu ya Camera ya Windows, au VLC, au OBS, unaona Pi kuanzia sekunde ya kwanza inapowaka, hata kabla mtandao haujashika. Hapo ndipo kinapoishinda VNC: kama Pi inagoma kuwaka, kinakuonyesha inagomea wapi.

Vya bei nafuu huandikwa 4K juu ya boksi. Maana yake ni kwamba vinapokea 4K. Kinachoingia kwenye laptopu ni 1080 kwa picha 30 kwa sekunde. Kwa kazi yetu inatosha. Usikichanganye na kigeuzi cha USB kwenda HDMI, kinachofanana nacho sana lakini kinafanya kazi kinyume. Nenda Kariakoo na laptopu yako na chanzo chochote cha HDMI, mwombe muuzaji akijaribu hapohapo mbele yako.

Kibodi ya laptopu itaiendesha Pi kupitia kifaa hicho?

Hapana. Kinaleta picha, hakipeleki herufi. Chomeka kibodi na mausi za USB kwenye Pi, au itazame kwa kinasa huku ukiiandikia kwa SSH. Picha pia huchelewa kidogo, utaona mausi inafuata mkono badala ya kwenda nao.

Pi 4 yangu haitoi picha kwenye kinasa.

Ina matundu mawili. Tumia lililo karibu na tundu la umeme, na unganisha kila kitu kabla ya kuwasha.

## Umeme na joto

Naweza kuiwasha Pi kwa USB ya laptopu?

Pi Zero, ndiyo. Nyingine, usitegemee. USB 2 ya kawaida inatoa miliampea 500, USB 3 miliampea 900. Pi 3 inataka ampea 2.5, Pi 4 ampea 3, Pi 5 ampea 5, zote kwa volti 5. Inaweza kuwaka, ikakupa matumaini, halafu ikazima unapofungua kivinjari.

Chaja za simu zenye maandishi ya wati nyingi zinadanganya macho hapa. Wati hizo nyingi hupatikana kwa volti 9 au 12, na Pi haizitumii. Soma maandishi madogo: kwenye volti 5 inatoa ampea ngapi? Waya mwembamba nao hula volti njiani. Ukiwa ndani andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0` umeme ni mzuri. Namba nyingine yoyote inamaanisha kuna wakati umeme ulishuka au joto lilizidi, na huenda Pi ilipunguziwa kasi.

Umeme ukikatika ghafla?

Laptopu ina betri, Pi haina. Skrini yako itabaki inawaka huku kompyuta yenyewe imeshakufa, na kama ilikuwa inaandika kwenye kadi, faili zinaweza kuharibika kiasi cha kutowaka tena. Nimeshuhudia mradi wa mwisho wa mwanafunzi ukipotea hivyo, na hakuwa na nakala hata moja. Kila unapomaliza, `sudo poweroff`, subiri taa ya kijani itulie, ndipo uchomoe. Nakala ya kazi yako ivute kwenye laptopu kila siku kwa `scp` au WinSCP, programu za kunakili faili kupitia SSH.

Pawabenki inasaidia ikiwa inatoa ampea za kutosha. Ijaribu kabla ya kuiamini: nyingi hukata umeme kwa nukta moja pale chaja yake inapozimika, na nukta hiyo inatosha kuizima Pi.

VNC inakuwa nzito mchana, usiku inakwenda vizuri. Kwa nini?

Pima joto kwa `vcgencmd measure_temp`. Ikifika nyuzi 80 Pi inaanza kujipunguzia kasi, na chumba cha bati cha Januari hapa Dar kinaisaidia kufika huko. Usiiweke nyuma ya laptopu inakotoka hewa moto. Iweke wazi, ibandike vipande vya alumini vya kupoozea, na Pi 5 iwekee feni.

## Hali zisizo za kawaida

Nina Orange Pi. Maelezo haya yananihusu?

HDMI, SSH, VNC na kinasa ni vilevile. Kinachobadilika ni mwanzo: mipangilio ya Imager haifanyi kazi kwenye mifumo yake. Wengi huweka Armbian, mfumo wa Linux wa bodi kama hizi, ambayo huwa na SSH iliyowashwa, mtumiaji `root` na nywila `1234` ambayo itakulazimisha uibadilishe. Anza na waya wa mtandao.

Kama ulichonacho ni Pico, hiyo si kompyuta ya aina hii. Haina desktopu ya kuonyesha. Ichomeke USB na uiandikie kwa Thonny, programu ya kuandikia Python.

Mtandao umekataa, kinasa sina. Kuna mlango mwingine?

Upo wa serio. Nunua kigeuzi cha USB kwenda serio cha volti 3.3, si cha volti 5, maana volti 5 zinaua pini za Pi. Kwenye `config.txt` ya kadi ongeza `enable_uart=1`. Unganisha ardhi (GND) ya kigeuzi na pini ya 6 ya Pi, pini ya 8 iende RX (ya kupokea) ya kigeuzi, pini ya 10 iende TX (ya kutuma). Waya mwekundu uache bila kuunganishwa. Fungua PuTTY kwa kasi ya 115200 na utaona maneno ya Pi ikiwaka. Pi 5 ina tundu lake dogo la kazi hii katikati ya HDMI mbili.

Laptopu yangu imekufa ubao, kioo ni kizima. Naweza kukitoa kiwe skrini ya Pi?

Hapo laptopu inakuwa skrini kweli. Kifungue taratibu, usome namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni mwa kioo. Hiyo namba ndiyo muhimu, si modeli ya laptopu. Inakuambia kama kioo ni cha LVDS au eDP, aina mbili za muunganisho wa kioo, na kina pini ngapi, na bodi ya kukiendesha lazima ilingane nayo, pamoja na waya wake. Bodi nyingi za aina hiyo zinataka chaja ya volti 12, tofauti na ya Pi. Piga picha namba hiyo kwa simu kabla hujatafuta bodi, kwa sababu laptopu mbili za modeli moja zinaweza kuwa na vioo viwili tofauti.